Nyumba na Jamaa: Sakafu Mbichi Haikaushwi kwa Moto



Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, baba mmoja wa parokia yetu hapa Manono alinivuta kando chini ya mwembe, akaniuliza swali linalostahili kujibiwa mbele ya watu wote. Alisema: "Mwalimu, sakafu ya nyumba yangu yatoa maji tangu mvua za Januari. Mke wangu amejifungua majuzi, naye alala chini pamoja na mtoto juu ya mkeka. Je, nikiwasha mbabula ndani na kufunga madirisha usiku kucha, sakafu haitakauka, na mtoto hatapata joto?"

Nilimjibu papo hapo: "Baba, usifanye hivyo hata usiku mmoja." Nilisema kwa ukali, nikaona uso wake umebadilika. Hakujua sababu ya ukali wangu. Leo nataka kumweleza, yeye na ninyi nyote, maana jambo hilo nililifanya mimi mwenyewe.

Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma, yenye mabati juu. Sakafu yake ya kwanza ilikuwa udongo uliokandwa. Mke wangu alipokuwa na mimba ya kwanza, niliona haya kwamba mimi niwafundishaye watoto wa watu usafi nalala juu ya udongo. Nikaweka akiba, nikanunua mifuko 3 ya simenti, nikamwita fundi. Fundi akaniuliza: "Tuchimbe kwanza, Mwalimu?" Nikamwambia la, aimwage juu ya udongo ule ule, kazi ipate kwisha kabla mtoto hajazaliwa. Ilikwisha kwa siku mbili. Sakafu ikang'aa, nami nikawaita majirani waje kuitazama.

Kisha mvua zikaja. Mwezi wa kwanza niliona doa jeusi pembeni mwa chumba. Mwezi wa pili unga mweupe ulitokea chini ya kuta, na rangi ikabanduka hata kimo cha goti. Mkeka ulioachwa chini siku mbili uliota ukungu upande wa chini. Simenti yangu haikuyazuia maji. Iliyafukuza tu kutoka katikati ya chumba, nayo yakapanda ukutani.

Mtoto alizaliwa mvua zikingali kali. Usiku mmoja wa Februari baridi iliingia, nikaleta mbabula iliyojaa makaa mekundu yasiyo na moshi, nikaiweka katikati ya chumba cha mzazi, nikafunga mlango na dirisha, nikaenda kusahihisha madaftari ya wanafunzi katika chumba cha mbele, na huko usingizi ukanichukua. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kumtunza binti yake, alilala katika nyumba ya jikoni. Karibu na saa nane za usiku alisikia mtoto akilia, kisha sauti ikakatika ghafula. Akaja, akabisha, hakujibiwa. Akausukuma mlango kwa bega. Alimkuta binti yake amefumbua macho nusu, hawezi kusimama, na mtoto amelegea kama nguo iliyolowa. Kelele zake ndizo zilizoniamsha. Tuliwatoa nje wote wawili, tukawaweka penye upepo, kisha tukawapeleka hospitali. Mungu alituhurumia: walipona. Mtoto yule sasa yuko darasa la kwanza.

Kwetu mama mkwe hasemi uso kwa uso na mume wa binti yake. Asubuhi yake aliketi barazani, amenipa mgongo, akamwambia binti yake kwa sauti nipate kusikia: "Mwambie mume wako kwamba maji ya paa lake yaanguka chini ya ukuta wake, na ukuta wayanywa. Tangu nilipofika sijaona mtu akitazama nje."

Basi, msomaji, somo lote la leo liko katika maneno ya mama huyo. Unyevu wa sakafu hautoki juu ya sakafu. Hutoka chini na nje, na huko ndiko yatupasa kuuzuia.

Twaa kitambaa kikavu, uchovye ncha yake katika bakuli la maji. Baada ya muda utaona maji yamepanda, ingawa hakuna aliyeyavuta. Ndivyo mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Udongo, matofali, hata na simenti, vina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na maji hupanda ndani yake kama katika utambi. Yakiisha kufika hewani hukauka, lakini chumvi waliyoichukua ardhini hubaki; huo ndio unga mweupe ulao matofali. Bali katika kokoto nene zisizo na mchanga nafasi ni pana, na maji hayawezi kupanda. Jambo hili ukilishika, umekwisha kuujua nusu ya ufundi.

Waona basi kwa nini mbabula haifai. Moto wake hukausha uso wa sakafu kwa saa chache, na maji mengine hupanda kushika nafasi ya yale yaliyokauka. Ni kama kuumaliza mto Lukushi kwa kikombe. Tena makaa yawakapo katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, wala rangi, wala moshi. Hewa hiyo huingia katika damu na kuizuia isichukue hewa njema ya uhai. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, kisha hulala usingizi asioamka. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango, mtoe nje upesi, umpeleke hospitali, hata kama asema amekwisha kupata nafuu.

Labda mmoja wenu aliyesoma vitabu ataniambia: "Lakini Mwalimu, mbona wako watu duniani wanaotia moto chini ya sakafu zao?" Ni kweli. Warumi wa kale walijenga sakafu juu ya nguzo fupi, wakawasha moto kando, na hewa ya moto ikapita chini ya miguu ya watu. Wakorea tangu zamani walipitisha moto na moshi wa jiko katika mifereji chini ya mawe ya sakafu, nao walilala juu yake katika baridi kali ya nchi yao. Lakini tazama jambo moja: moto na moshi vilitengwa na watu. Katika karne ya 20 Wakorea walianza kutumia makaa ya mawe yaliyofinyangwa, na penye ufa mdogo katika sakafu hewa ile ya sumu ilipenya chumbani. Watu wengi walikufa usingizini, hasa katika miaka ya 1960 na 1970. Siku hizi katika nyumba zao, na katika nyumba nyingi za Ulaya, maji ya moto hupitishwa katika mabomba chini ya sakafu. Na huko pia fundi mwema hatandazi mabomba kabla hajazuia unyevu wa ardhi, kwa sababu joto lote lingeishia katika udongo mbichi. Kama wenye theluji hukausha kwanza ndipo wapashe moto, sisi wa Manono wenye jua la kutosha tuna haja gani ya kuanza na moto?

Sasa tuje kwenye kazi.

Kwanza, ujue maji yatoka wapi. Kata kipande cha plastiki, nusu mita kwa nusu mita, ukilaze juu ya sakafu, uzibe kingo zake zote kwa gundi ya karatasi au kwa udongo mzito. Kiache mchana na usiku. Ukikuta matone chini ya plastiki, maji yapanda kutoka ardhini. Ukikuta matone juu yake na chini pakavu, unyevu ni wa hewa ya chumba, na dawa yake ni kufungua madirisha mchana, kupika nje, na kutoanika nguo ndani.

Pili, anza nje. Simama uani wakati mvua inanyesha, utazame maji yaangukapo na yaendako. Mara nyingi udongo umerundikana ukutani mwaka baada ya mwaka, hata uwanja umekuwa juu kuliko sakafu. Uondoe, mpaka uso wa uwanja uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 angalau, nao uteremke kwenda mbali na nyumba. Chimba mfereji wa kuyapokea maji ya paa na kuyapeleka mbali, lakini usiuchimbe karibu sana na msingi, usije ukaulegeza. Kama mabati ni mafupi, yaongeze ili matone yasipige ukuta. Wako watu ambao sakafu yao imekauka kwa kazi hii tu, wala hawakununua hata mfuko mmoja wa simenti.

Tatu, kama unyevu wazidi kupanda, ngoja kiangazi, uvunje sakafu mbovu. Usiifunike kwa sakafu nyingine. Chimba mpaka udongo mgumu, uushindilie, kisha uache chumba wazi majuma kadhaa kikauke kwa upepo. Tandaza kokoto nene kama yai la kuku, zilizooshwa, unene wa sentimita 15. Juu yake weka mchanga kidogo, kiasi cha kufunika ncha za mawe, ili plastiki isitoboke. Tandaza plastiki nzito. Vipande vikutanapo, kimoja kilale juu ya kingine sentimita 30, na kingo zipande kidogo ukutani. Angalia hapo kwa makini, maana tundu moja la msumari lapitisha maji.

Nne, mwaga zege: ndoo 1 ya simenti, 2 za mchanga, 4 za kokoto ndogo, na maji kwa uchache. Unene uwe sentimita 8. Kisha maliza kwa lipu nyembamba ya simenti na mchanga. Funika kwa magunia, na uyanyeshee maji siku 7, kwa sababu simenti haipati nguvu kwa kukauka upesi, bali kwa kukaa na maji yake. Chumba cha mita 3 kwa 3 chahitaji kokoto nene kiasi cha toroli 20 na zaidi, na simenti mifuko kama 6. Linganisha na mifuko yangu 3 iliyopotea bure, ujue ipi ni ghali.

Tano, kuta. Plastiki yazuia sakafu, lakini ukuta uliojengwa bila kizuizi katika msingi utaendelea kunywa. Usiufunike kwa lipu ya simenti, maana maji yatapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Bandua lipu mbovu, uache matofali yapumue, kisha ukipenda usilibe kwa chokaa, ambayo huruhusu maji kutoka.

Najua wengine watasema: "Mifuko 6 ya simenti ni mishahara mingapi?" Si kosa kuwa na sakafu ya udongo, kosa ni kuiacha ikae katika maji. Inua udongo juu ya uwanja, weka kokoto chini yake, ushindilie udongo mwekundu wenye changarawe, na juu yake tabaka jembamba la mfinyanzi na mchanga uliochekechwa. Nchini Rwanda kampuni iitwayo EarthEnable hutengeneza sakafu za namna hiyo kwa kokoto, udongo na mchanga, na juu hupaka mafuta ya mbegu za kitani, ambayo hukauka yakawa magumu kama ngozi, hata sakafu yafagiliwa na kupigwa deki. Gharama yake ni ndogo sana kuliko ya simenti.

Mwingine atauliza kama sakafu yastahili taabu hiyo yote. Nchi yetu ina ushuhuda wake. Mwaka 1903 daktari Mwingereza, Joseph Everett Dutton, alikuja Kongo pamoja na mwenzake John Lancelot Todd wa Kanada kuchunguza maradhi. Waliandika juu ya buu akaaye katika nyufa za sakafu ya udongo, atokaye usiku kunyonya damu ya wale walalao chini, asiyeweza kupanda miguu ya kitanda. Walichunguza pia kimputu, yule papasi wa nyufa na vumbi, wakaonyesha kwamba ndiye aletaye homa irudiayo mara kwa mara. Homa hiyo iliwashika wote wawili, na Dutton akafa Kasongo, katika Maniema, tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30. Kimputu apenda vumbi kavu, safura yapenda udongo mbichi, na sakafu ngumu, kavu, isiyo na nyufa yawanyima wote mahali pa kukaa.

Ushuhuda mwingine ni wa siku zetu. Katika jimbo la Coahuila, huko Meksiko, tangu mwaka 2000 serikali iliwapa maskini zege ya kutosha sakafu ya hadi mita 50 za mraba. Wataalamu waliozilinganisha jamaa hizo na nyingine walitoa matokeo yao mwaka 2009: mahali ambapo udongo wote ulifunikwa, minyoo katika watoto ilipungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Na akina mama, walipoulizwa, walikuwa na huzuni ndogo kuliko wenzao. Hilo la mwisho halikunishangaza, maana nilimwona mke wangu siku alipoacha kuuanika mkeka kila asubuhi.

Lakini baba yule wa chini ya mwembe hawezi kungoja kiangazi kwa ajili ya mtoto wa leo. Kwake nasema hivi: usiku huu mama na mtoto wasilale chini. Tafuta kitanda, hata cha fito, kiwe mbali kidogo na ukuta. Mtoto avikwe kofia na nguo kavu, alazwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na nguo juu yao wote wawili. Mwaka 1978 waganga wa Bogotá, nchini Kolombia, walianza kuwatunza kwa namna hiyo watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na leo hospitali za dunia nzima hufanya vivyo hivyo. Mungu ameweka kifuani pa mama joto lisilo na sumu.

Katika kitabu cha Walawi, sura ya 14, kuna sheria juu ya nyumba yenye madoa ya kijani au mekundu yaliyoingia ndani ya ukuta. Kuhani hakuambiwa kupaka rangi juu yake. Aliamuru vyombo vitolewe, nyumba ifungwe siku 7, kisha arudi kutazama. Doa likiwa limeenea, mawe yenye ugonjwa yang'olewe na kutupwa nje ya mji, ukuta ukwanguliwe, mawe mapya yatiwe, na udongo mpya. Nami niliyesoma sura hiyo seminarini na kuifundisha darasani, nilipofika kwangu nilimwaga simenti juu ya maji. Fundi aliniuliza swali jema, nikamfunga mdomo. Niliona haya mbele ya majirani kuliko nilivyoogopa kwa ajili ya mwanangu. Baba wa jamaa anayefunika asipende kuchimba, awe anafunika sakafu, au deni, au ugomvi wake na mkewe, aonywe na kosa langu.

Mwaka ule, kiangazi kilipofika, niliivunja sakafu yangu mwenyewe kwa sururu. Mama mkwe alikuwa amekwisha kurudi kwao. Nilimpelekea habari kupitia binti yake kwamba mfereji umechimbwa na sakafu imekauka. Jibu lake lilikuja kwa njia ile ile: "Mwambie asante. Mwambie tena, aufagie mfereji kila mwaka."

Kwa hiyo nimekubaliana na yule baba kwamba mvua zikiisha nitakwenda kwake na sururu yangu, naye atatafuta kokoto. Nanyi, wasomaji wapenzi, msingoje kuambiwa na mama mkwe. Mvua itakaponyesha tena, tokeni nje, msimame penye ukuta wa nyumba zenu, mtazame maji ya paa yaangukapo.